Kufundisha Vita vya Maji Maji shule ya msingi: maswali ambayo walimu na wazazi huuliza

Nafundisha shule ya msingi Kanda ya Ziwa, mbali kabisa na Milima ya Matumbi ya kusini, ambako mwaka 1905 watu walianza kupigana na Wajerumani katika Vita vya Maji Maji. Kila mwaka, Februari inapokaribia, walimu wenzangu huanza kuniuliza yale yale: Maji Maji tunaifundishaje kwenye somo ambalo si Historia, tuwaambie watoto nini kuhusu dawa ile ya maji iliyosemekana kuzuia risasi, tuwanyamazishe au tuwajibu wakiuliza habari za kunyongwa. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoyatoa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kuliko mengine, kwa sababu ndiyo yanayonisumbua hata mimi.

Tuanzie wapi? Kwa Kinjikitile na maji yake?

Hapana. Anza na pamba.

Najua vitabu vingi vinaanza na Ngarambe, kijiji cha Kinjikitile: mganga, dimbwi, dawa, risasi kugeuka maji. Mtoto akishasikia risasi kugeuka maji, mengine yote hayasikii tena. Atacheka, atakwenda nyumbani kusimulia kwamba mababu walijimwagia maji wakapigwa risasi, na hapo somo limekwisha. Sababu ya vita itakuwa imepotea.

Mimi huingia darasani na tumba la pamba lililopasuka. Huku kwetu si kazi kulipata, kila nyumba ya pili ina shamba. Kila mtoto namgawia fundo dogo, nawaambia watoe mbegu kwa kucha, bila kuzungumza, kwa dakika kumi. Dakika ya tatu wanaanza kulalamika. Mbegu zinang'ang'ania, nyuzi zinaganda kwenye vidole vyenye jasho, aliyemaliza fundo lake anaona ameambulia pamba ya kujaza kiganja tu. Halafu nawauliza: hii niliyowapa ni ya nani? Wanasema, ya mwalimu. Na ikiuzwa? Kimya.

Ndipo nawapa habari yenyewe. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Wajerumani, chini ya Gavana von Götzen, iliagiza mashamba ya pamba ya pamoja kusini na mashariki ya nchi. Kila eneo la jumbe (mkuu wa kijiji chini ya serikali hiyo) lilikuwa na shamba lake, na wanaume wa eneo hilo walilazimishwa kulima humo. Akida (mkubwa wa majumbe) na jumbe walisimamia, na viboko vilikuwapo. Mkulima aliacha mahindi na mtama wake vikiliwa na nguruwe na nyani, akaenda kupalilia pamba asiyoila. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika Milima ya Matumbi, watu wakaingia kwenye shamba wakang'oa miche ya pamba. Silaha yao ya kwanza ilikuwa mikono. Wengine wanataja hata majina ya waliotangulia kung'oa: Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela.

Mwaka mmoja mtoto wa darasa la tano alinyosha kidole: "Mwalimu, kwetu tunalima pamba. Baba akiuza ananunua mabati. Hawa waling'oa kwa nini?" Sikumjibu. Niliandika ubaoni maswali manne: nani alichagua zao, shamba la nani, siku za nani, hela za nani. Nikaliachia darasa. Kipindi kiliisha wakiwa bado wanabishana, na yule mtoto ndiye aliyekuwa akipaza sauti kuliko wote. Maji tuliyafikia kesho yake.

Watoto wa darasa la tatu si wadogo mno kwa habari za vita?

Kwa habari za kunyongwa na kuchomwa vijiji, ndiyo, ni wadogo. Kwa habari ya kuonewa, hapana. Mtoto wa miaka minane anajua vizuri kuliko mtu mzima uchungu wa kufanyishwa kazi ambayo faida yake anapata mwingine. Darasa la tatu huishia kwenye kung'oa pamba na kwenye majina ya mahali. Darasa la tano huenda hadi vita na njaa. Habari za kunyongwa kwa viongozi huko Songea, Februari 1906, naziacha hadi la sita na la saba.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati. Hii inanihusu nini?

Inakuhusu kuliko unavyodhani, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo nimeona walimu wengi wakiharibu.

Kwanza, usitunge maswali ya kutoa kwa maiti. "Wapiganaji 8,000 walikwenda, 600 wakauawa, wamebaki wangapi?" Nimeliona swali la namna hii kwenye karatasi ya majaribio, nikajisikia vibaya. Mtoto anafundishwa kwamba mtu aliyekufa ni kitu cha kukopa na kushusha.

Tumia pesa. Tangu mwaka 1904 rupia moja ya Wajerumani wa huku iligawanywa kuwa heller 100. Waambie watoto kwamba neno "hela" wanalolitumia kila siku dukani limetoka hapo. Siku hiyo hutahitaji zana nyingine ya kufundishia. Kodi ya nyumba ilikuwa rupia 3. Mapato ya shamba la jumbe yalikusudiwa kugawanywa mafungu matatu sawa: fungu la waliolima, fungu la jumbe, fungu la chombo cha wilaya. Hapo una sehemu, una kubadili vipimo na una kugawanya, bila kubuni kitu.

Swali ninalolitumia ni hili, na nawaambia wazi kwamba namba za shamba ni za mfano tu. Tuseme shamba limeleta rupia 90. Theluthi ni ya waliolima. Walikuwa watu 100. Kila mmoja kapata hela ngapi? Theluthi ya 90 ni rupia 30, sawa na hela 3,000. Gawa kwa 100, kila mtu hela 30. Kodi ni rupia 3, yaani hela 300. Je, atahitaji mafungu ya miaka mingapi kulipa kodi ya mwaka mmoja? Kumi. Wakifika kwenye ile kumi darasa hutulia lenyewe. Huna haja ya kuongeza neno.

Kuna pia siku za kazi. Katika wilaya ya Dar es Salaam ilipangwa kila mtu afanye kazi siku 28 kwa mwaka. Mtoto mwepesi atakuambia: mwalimu, 28 kati ya 365 si nyingi. Mpongeze, halafu muulize ni 28 zipi. Mkulima ana siku chache sana za kupanda na za kupalilia, na shamba la jumbe nalo lilitaka kupandwa na kupaliliwa siku zile zile.

Kwa darasa la saba nina zoezi moja ninalolipenda kuliko yote. Naandika ubaoni hasara ya upande wa Wajerumani: Wazungu 15, askari 73, na wapiganaji wasaidizi 316. Jumlisheni. Wanapata 404. Pembeni naandika hasara ya upande wa pili: wakubwa wa Kijerumani walisema 75,000, wanahistoria waliofuata, wakihesabu na waliokufa kwa njaa, wamefikia 250,000 hadi 300,000. Kisha nawauliza wanaona tofauti gani kati ya namba hizi, mbali na ukubwa. Kwa kawaida inachukua dakika kadhaa, halafu mmoja anasema: hii inaishia na nne, zile zinaishia na sifuri tatu. Nani alihesabiwa mmoja mmoja, na nani alikadiriwa? Hilo ni somo la makadirio na kukaribisha namba, na mkaguzi akiingia hatakuta umetoka nje ya muhtasari.

Katika Sayansi, mtoto akiuliza kama maji yale yalifanya kazi nimjibuje?

Mjibu ukweli: hayakuzuia risasi. Agosti 30, 1905, maelfu ya watu waliishambulia boma (ngome ya Wajerumani) ya Mahenge, wakakutana na bunduki ya rashasha, ile watu waliyoiita bombom. Walianguka wengi sana siku ile moja.

Lakini usiishie hapo, maana swali la kisayansi bado. Dawa yenyewe ilikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na punje za mtama. Hivi ni vitu vilivyokuwa shambani na jikoni kwao. Waulize watoto kila kimoja kina kazi gani katika maisha ya mkulima. Watakuambia mtama ni chakula, maji ni uhai, mafuta ni ya ngozi na taa. Halafu waulize: ungejuaje kwamba dawa haifanyi kazi, kabla ya kuingia vitani? Hapo unafundisha jaribio: kubadili kitu kimoja, kulinganisha, kurudia. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniambia wangepiga risasi kwenye gogo lililopakwa dawa na gogo lisilopakwa. Sikuwa nimelifikiria.

Tahadhari moja ambayo si ya historia: ukileta mbegu za nyonyo darasani zibaki mkononi mwako. Zina sumu kali zikitafunwa, na ni nzuri kutazama, zina madoadoa kama shanga. Mtoto ataitia mdomoni. Mafuta yaliyosafishwa ya dukani yanatosha kuonyesha.

Kwa hiyo tuseme walikuwa washirikina?

Mzazi mmoja alinijia na hili, mama wa heshima, mtu wa kanisani. "Mwalimu, mnawafundisha watoto uganga." Nilimwambia: mama, tunawafundisha kwamba watu waliokuwa hawajawahi kukaa pamoja walihitaji kitu cha kuwakalisha pamoja.

Fikiria hali ilivyokuwa. Wamatumbi, Wangindo, Wazaramo, Wapogoro, Wambunga, Wamwera, Wangoni, Wabena na wengine, makabila kama 20. Hawakuwa na mfalme mmoja, wala lugha moja ya nyumbani, na baadhi yao walikuwa wameshapigana wenyewe kwa wenyewe. Habari zilisambaa kwa kunong'onezana, Wamatumbi wenyewe waliita njwiywila. Watu walikwenda Ngarambe kwa makundi, wakanywa maji au wakanyunyiziwa, wakarudi wakijiona ndugu wa mtu wa mbali wasiyemjua. Wajumbe waliobeba dawa kwenda nchi nyingine waliitwa hongo. (Jiandae kwa vicheko. Watoto wetu wanajua hongo ni ile anayopewa mtu barabarani. Waache wacheke, kisha waeleze kwamba Hongo lilikuwa jina la mzimu uliosemekana kumpanda Kinjikitile.)

Na dawa ya vita si ya Afrika peke yake. Wanajeshi wa Ulaya nao walivaa medali za watakatifu shingoni wakienda vitani. Sisemi hivyo ili kumkejeli mtu. Nasema hivyo kwa sababu mtoto akishaona kwamba mwoga yeyote hushika kitu, ataacha kuwacheka mababu.

Jiografia nayo?

Ramani kubwa ya Tanzania ukutani, uzi mwekundu na pini. Nandete, mwishoni mwa Julai 1905. Mohoro, Agosti 4, ambako Kinjikitile alinyongwa. Liwale, ambako boma iliangukia mikononi mwa wapiganaji. Mahenge, Agosti 30. Septemba, misheni ya Peramiho ikachomwa, Wangoni wakiwa wameshaingia. Acha watoto wapime kwa rula na skeli ya ramani, wazidishe, waone kilomita. Hakuna gari, hakuna simu, upande ule hakuna reli. Halafu waangalie zile tarehe tena: Kinjikitile amenyongwa siku chache tu baada ya pamba kung'olewa, na vita ndiyo kwanza vinaanza. Watoto wengi, na walimu wengi, wanadhani yeye ndiye aliyeviongoza hadi mwisho.

Jambo la pili ni njaa, na hili lipewe kipindi chake lenyewe. Wajerumani walipoona watu wamehama uwanja wa vita na kujificha porini, waligeukia chakula. Walichoma vijiji, wakachukua au kuteketeza nafaka, wakaharibu mashamba. Wengi waliokufa, wake kwa waume na watoto, waliuawa na njaa na maradhi yaliyofuata kuliko risasi.

Mtoto wa mkulima anaelewa hili akichora kalenda ya kilimo. Nawapa duara lenye miezi 12, wanachora: kuandaa shamba, kupanda, kupalilia, kuvuna, kuweka kwenye kihenge. Nawaambia wapake nyeusi kihenge mwezi wa kumi. Kimechomwa. Mwezi wa kumi na moja mnapanda nini? Mtoto anasema: mbegu. Mbegu zilikuwa wapi? Zilikuwa mle mle. Mmoja akasema, "Basi mwaka ujao pia hakuna." Naam. Tena sehemu kubwa ya nchi iliyobaki bila watu ilirudi kuwa pori, ndorobo na wanyama wakaingia, na baadhi yake baadaye ikawa hifadhi. Ukifundisha hifadhi za kusini, sema kwamba ndani yake palikuwa na vijiji.

Na Kiswahili?

Hapa uwanja ni mpana. Kuna msamiati: hela na shule vyote vimetoka kwa Mjerumani, ilhali akida, jumbe, liwali na boma vilikuwapo kabla yake, yeye akavichukua kwa kazi zake. Kuna ushairi: Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi wa wakati ule ule, alitunga utenzi mzima wa vita hivi. Darasa la sita wanaweza kuhesabu mizani za tenzi kisha wajaribu kutunga beti nne zao.

Lakini bora kuliko vyote ni masimulizi. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kusini kuwasikiliza wazee waliokuwa wangali wanakumbuka, na mengi tunayoyajua leo yametoka vinywani mwa wazee hao. Wanafunzi wako hawatapata tena mtu aliyeviona vita, ila wanaweza kujifunza kazi yenyewe. Watume kwa babu na bibi. Wafundishe kwanza adabu ya kuuliza: shikamoo, kukaa chini, kutomkatiza mzee, kutoandika mbele yake mpaka aruhusu. Swali moja tu: ulisimuliwa nini na wazazi wako kuhusu wakati wa Mjerumani?

Huku Ziwani watoto hurudi na vita vya 1914, vya Mjerumani na Mwingereza, habari za wapagazi na kubebeshwa mizigo. Usikasirike kwamba wametoka nje ya mada. Ni nafasi ya kuwaonyesha kwamba "vita vya Mjerumani" ni jina lenye vita zaidi ya vimoja ndani yake.

Tuite uasi au vita?

Wajerumani waliita uasi. Anayesema uasi amekubali kwanza kwamba mtawala ana haki. Sisi tunasema vita, na ndivyo wazee walivyosema. Waambie watoto maneno yote mawili, waulize nani angelitumia lipi. Dakika tano zinatosha.

Ni Kinjikitile au Kinjeketile?

Kinjikitile Ngwale ndiye mtu wa historia. Kinjeketile ni tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, na mhusika wake si lazima awe sawa na mtu mwenyewe katika kila alichosema na kutenda. Mwandishi alikuwa na haki ya kubuni. Walimu wengi tuliisoma sekondari, ikatukaa kichwani, na bila kujua tunawapa watoto maneno ya jukwaani kama vile ni ya kwenye kumbukumbu.

Mtoto akiuliza, "Askari walikuwa weusi?"

Atauliza, hasa akishajumlisha ile 404 na kuona Wazungu ni 15 tu. Usibabaike. Ndiyo, askari wengi wa Wajerumani walikuwa Waafrika. Wa mwanzo waliletwa kutoka Sudani na kusini mwa Afrika, wengine waliandikishwa humu humu. Walilipwa mshahara, walipata nguo na cheo. Maakida wengi walikuwa watu wa pwani. Na si makabila yote yalijiunga: Wahehe, waliokuwa wamepigana na Wajerumani hadi Mkwawa alipokufa mwaka 1898, safari hii hawakuingia.

Katika darasa lenye watoto wa makabila kumi jambo hili linaweza kuwa kisu. Nina sheria moja: hakuna mtoto anayejibu kwa niaba ya kabila lake. Siku moja kijana alimwambia mwenzake "babu zenu walikuwa vibaraka", nikasimamisha somo. Niliwauliza: kijiji chenu kimeshachomwa mara moja na Mjerumani, miaka michache tu iliyopita. Mjumbe anakuja usiku na chupa ya maji. Mnafanyaje? Waligawanyika nusu kwa nusu, na yule kijana akawa upande wa kukaa nyumbani.

Tunaweza kufanya igizo?

Fanyeni, ila mipaka iwepo. Hakuna fimbo ya kweli, hata ya mahindi, maana nimeona mtoto anayeigiza akida akinogewa. Hakuna anayeigiza kunyongwa. Na asiteuliwe mtoto mmoja kuwa "Mjerumani" wiki nzima, maana jina litamfuata hadi anamaliza shule. Onyesho zuri kuliko la mapigano ni baraza la kijiji usiku: wazee wanabishana kupokea maji au kuyakataa. Lina hoja, lina woga, lina kunong'ona, na darasa la watoto 90 wote wanapata nafasi ya kuwa wanakijiji.

Wanawake wako wapi katika habari hii?

Yupo Mkomanile, kiongozi wa Ungoni aliyewapokea wajumbe wa maji na baadaye akanyongwa Songea pamoja na wanaume. Mtaje kwa jina. Na katika kalenda ya kilimo uliza ni nani aliyekuwa akipalilia mahindi wakati mume yuko shamba la jumbe.

Kuuawa kwa wamisionari tunasemaje, hasa kwenye shule yenye dini mbalimbali?

Tunasema lilitokea. Agosti 14, 1905, Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne, mabruda wawili na masista wawili, waliuawa njiani upande wa Liwale. Hawakuwa wamebeba viboko. Kwa wapiganaji wale, Mzungu alikuwa Mzungu. Mtoto anaweza kubeba mambo mawili kwa pamoja: kwamba watu walionewa, na kwamba walioonewa waliua watu ambao hawakuwa wamewaonea. Ukificha hili atalikuta mbele, na hatakuamini tena katika mengine.

Muda uko wapi? Mtihani unauliza mwaka na jina tu.

Hili ndilo lalamiko la kweli, nami sina dawa yake, hata ya maji. Ninachofanya ni kukaa na mwalimu wa taaluma Januari, tunapoandaa azimio la kazi, tukaomba vipindi vifuatavyo viangukie wiki moja: viwili vya Historia ya Tanzania na Maadili, viwili vya Hisabati, kimoja cha Jiografia, kimoja cha Sayansi, viwili vya Kiswahili. Hakuna kipindi kinachoongezwa. Mada za Hisabati zinabaki zile zile za sehemu na makadirio, ila mifano ndiyo inabadilika. Wiki nzuri ni ile ya mwisho wa Februari, kwa sababu Songea huadhimisha kumbukumbu ya mashujaa hadi tarehe 27, na redioni watasikia wenyewe. Na huo mwaka 1905 hawausahau, maana wamekwisha uhesabia hela.

Walishindwa. Tuwaambie watoto walipigania nini basi?

Kilimo cha pamba cha kulazimishwa kiliachwa. Gavana aliyefuata, von Rechenberg, alijaribu njia nyingine, na hata Berlin ilibidi waiangalie upya namna ya kuyaendesha makoloni. Miaka 50 baadaye, Desemba 1956, Mwalimu Nyerere aliikumbusha Umoja wa Mataifa kule New York juu ya watu hawa alipokuwa akidai uhuru bila kumwaga damu. Hayo yasemwe. Lakini usiyafanye yawe hesabu iliyolipika, kana kwamba zile laki zilikuwa bei halali. Mimi husema yaliyotokea baadaye, halafu nanyamaza.

Na kile kichwa cha Songea, kimepatikana?

Darasa la saba lazima waulize. Februari 27, 1906, viongozi na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60 walinyongwa Songea, na Nduna (mkuu chini ya chifu wa Kingoni) Songea Mbano siku chache baadaye. Mji umechukua jina lake. Inasimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekuwa ukikitafuta. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika kwenye Makumbusho ya Majimaji palepale Songea, akaomba msamaha, akaahidi kwamba watasaidia kukitafuta.

Mwaka uliofuata nililifanya kuwa zoezi la barua rasmi: mwandikie mkuu wa makumbusho yoyote ya Ujerumani, uulize. Barua zilikuwa nzuri, nyingine zilikuwa na hasira, moja ilianza na "Shikamoo". Karibu wote walikwama mahali pamoja, juu kushoto, kwenye anwani ya mwandikiwa. Waliacha mistari mitupu.